Kahawa Niliyoitia Mfukoni

Ukiletewa kahawa ya kutafuna katika nyumba ya watu, itafune. Hilo ndilo somo lenyewe, na kwa haki ningeishia hapo niwaache mwendelee na simu zenu. Lakini mimi ni mwalimu mstaafu, na mwalimu mstaafu ni mtu ambaye kengele imeshalia, wanafunzi wameshaenda zao, naye bado amesimama na chaki. Nivumilieni.

Kazi yangu ilikuwa historia ya mafundisho ya jamii ya Kanisa Katoliki. Nimeifundisha chuoni zaidi ya miaka thelathini. Naona nyuso zinavyokunjamana! Kwa lugha ya sokoni ni hivi: nilichunguza Mapapa, maaskofu na waumini wa kawaida walisema nini kuhusu ujira, ardhi, vyama vya wakulima na haki ya maskini, walisema lini, na nani aliwasikia. Hilo la mwisho, nani aliwasikia, ndilo lililonipa jina. Ndilo pia linalonikosesha raha hapa Kagondo, ninapoishi na vitabu vyangu na paka asiye na jina.

Ni kazi ya upweke, nisiwadanganye. Daktari akistaafu watu bado wanamjia na vikohozi vyao. Mwashi akistaafu anapita barabarani akionyesha nyumba alizojenga. Mimi, nani aje aniulize Papa fulani aliwaza nini kuhusu mkulima? Majirani wengine wanadhani niliwahi kuwa padre nikaacha, na wananihurumia. Tangu mke wangu afariki, kuna wiki ambazo mtu pekee ninayezungumza naye ni muuza maziwa, naye anataka kujua tu kama ni lita moja au nusu. Watoto wako mbali, wanapiga simu Jumapili. Nikianza kuwaeleza ninachosoma, mtandao unasumbua. Unasumbua kila mara mahali palepale.

Hata hivyo kazi ina ufundi wake, na ufundi huo sitaki nife nao. Ukienda kusoma hati za zamani, kalamu ya wino iache nje, tumia penseli. Usilambe kidole ili kufunua ukurasa, maana makaratasi ya misheni yalinyunyiziwa dawa ya mchwa, na mimi nimeshaharisha siku tatu kwa ajili ya barua ya mtu aliyekufa zamani. Usiamini hati iliyo safi mno. Hati iliyofanya kazi ina alama za vidole na doa la chai. Na kabla hujasoma mbele, geuza usome nyuma.

Hilo la kugeuza nilifundishwa na padre mzee aliyesimamia tasnifu yangu, mtu mkali mwenye sauti ndogo. Kila karatasi uliyompa aliigeuza kwanza. "Mbele wanaandika wanachotaka kijulikane," alisema. "Nyuma wanaandika kilichokuwa kinawasumbua siku ile." Nilicheka. Baadaye, nyuma ya hotuba ndefu juu ya ufukara mtakatifu, nilikuta mwandishi ameorodhesha jibini, mvinyo na soksi za sufu. Nikaanza kumheshimu mzee.

Sasa kisa chenyewe.

Miaka ile sabuni ilikuwa ya foleni, na karatasi ya kupigia chapa ilipatikana kwa kujuana. Nilikuwa kijana wa Kahororo mwenye suruali moja nzuri na kinasa sauti cha kuazima. Nilikuwa natafuta jambo moja tu. Papa mmoja wa zamani aliandika waraka mzito kuhusu wafanyakazi na haki zao. Huko Ulaya wasomi wameushughulikia mpaka ukachakaa. Mimi niliuliza: je, ulifika kwetu, migombani? Maana huku tulikuwa na nyarubanja. Ninyi mmezaliwa imeshafutwa, kwa hiyo niwaeleze. Mtu alilima kibanja, shamba lake la migomba, akazaa humo, akazika wazazi wake humo, lakini ardhi ilihesabiwa kuwa ya mtwazi, yaani bwana mkubwa wa eneo. Alimpelekea mtwazi sehemu ya mavuno, akaenda kumfanyia kazi, na siku mtwazi akimchoka, alimtoa.

Nikasikia kwamba katika parokia moja ya Muleba yupo katekista mzee, Ta Rweyemamu. "Ta" ndivyo tunavyomwita mwanamume mtu mzima kwa heshima, na mwanamke ni "Ma". Ilisemekana kwamba Ta Rweyemamu ujanani alitafsiri sehemu ya waraka ule kwa Kihaya ili awasomee watu wa nyarubanja kanisani. Waitu, jamani, moyo ulinidunda! Tasnifu nzima hiyo, imekaa Muleba inanisubiri.

Nilifika kwake saa sita mchana. Lori la kunirudisha Bukoba lilikuwa linaondoka saa saba, na dereva wake hakuwa mtu wa kungoja. Ta Rweyemamu alinipokea akiwa amevaa koti zito, ingawa jua lilikuwa kali. Akauliza habari za Kahororo, za baba, za mama, za mvua. Nilijibu huku nikitafuta pa kuweka kinasa sauti. Kisha binti yake, Justina, akaleta kikapu kidogo chenye kahawa za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani yenye harufu nzuri na kuanikwa.

Mhaya hahitaji kuelezwa, lakini wewe wa Dodoma au wa Tanga ujue: ile si kahawa ya kuondoa kiu. Mgeni anachukua punje chache, anatia moja mdomoni, anatafuna taratibu, na mwenyeji anatafuna yake. Mnanyamaza pamoja. Maneno yenye uzito yanakuja baada ya hapo. Nilijua hivyo tangu sijaota meno. Lakini nilikuwa na haraka, na nilihofia mashine itanasa sauti ya kutafuna kwangu. Nikachukua punje tatu, nikasema asante sana, nikazitia mfuko wa shati. Halafu nikaanza kuuliza maswali kwa Kiswahili, ili msimamizi wangu aelewe.

"Mzee, je, mliwasomea watu ule waraka wa Papa?"

Akatazama mfuko wa shati langu. Akatazama mashine.

"Ndiyo. Tuliwasomea."

"Watu walifurahi?"

"Walifurahi."

"Wakazielewa haki zao?"

"Walizielewa."

Mnaona maswali yale? Kila moja limebeba jibu lake mgongoni. Mzee hakuwa na kazi ila kulipokea. Kwa nusu saa nilikuwa nimemaliza. Alinisindikiza mpaka mwisho wa kibanja chake, akasimama, mkono mmoja ndani ya koti. "Mwana wange," akasema, "hutakaa hata kidogo?" Nikamwonyesha saa yangu ya mkononi. Nilikuwa najivunia saa ile. Zile punje zake nilizitupa nikiwa juu ya lori, nilipokuwa natafuta leso.

Aliyenipigia chapa mahojiano yale alikuwa Twaha, Mwislamu wa Bukoba mjini, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na biashara, akaoa huku, akasahau kurudi. Alikuwa na taipureta katika chumba kimoja nyuma ya maduka. Wakatoliki wenzangu hawakusoma hata ukurasa mmoja wa tasnifu ile. Twaha aliisoma yote, maana hakuwa na pa kukimbilia. Alipofika kwenye majibu ya Ta Rweyemamu, mashine ikanyamaza.

"Huyu mzee wako ni Mhaya?"

"Mhaya halisi."

"Mhaya gani anajibu maneno mawili? Mimi nikimuuliza Mhaya saa ngapi, ananieleza kwanza saa ilinunuliwa Kampala na nani. Huyu umemuudhi."

"Wewe piga chapa, Twaha."

"Napiga. Lakini alikuwa anakufukuza kwa adabu."

Nilimwona mpumbavu. Tasnifu ikanipa shahada, ikawa kitabu, kitabu kikanipeleka kwenye uprofesa. Sentensi yangu moja ilirudiwa kila mahali watu wa fani yetu walipokutana, yaani mahali pachache: kwamba huko Muleba waraka ulisomwa katika lugha ya mkulima, na mkulima akainua kichwa. Tamu, sivyo? Niliitunga nikiwa kitandani na malaria.

Miaka ikapita. Ta Rweyemamu akafariki, nami nikaenda kumzika nikiwa na suti. Baada ya mazishi Justina akanivuta pembeni, kwenye mibuni.

"Profesa, baba hakuusoma ule waraka."

Nikadhani msiba umemzidi. Akaendelea, macho makavu. Baba yake aliutafsiri kweli, kwa mkono wake. Jirani yao, Ta Kaijage, alikuwa ameshatishiwa kutolewa katika kibanja chake, na alijua habari za karatasi ile. Walikubaliana hivi: Jumapili katekista ataisoma mbele ya watu wote, kisha Kaijage atasimama aeleze shida yake, maana baada ya maneno ya Papa nani angemzomea? Jumapili ikafika. Mtwazi akakaa benchi la mbele. Mtwazi huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa ubatizo wa Ta Rweyemamu, baba yake wa kiroho. Katekista akasimama, akalitazama benchi la mbele, akasoma matangazo ya ndoa, akaketi. Kaijage akaendelea kungoja mpaka watu wakatoka kanisani. Haukupita muda akatolewa, akahamia Kimwani kuanza upya porini na watoto. Yeye na Ta Rweyemamu hawakusalimiana tena mpaka kifo.

"Siku uliyokuja," Justina akasema, "alikuwa ameishusha ile karatasi darini tangu asubuhi. Ilikuwa ndani ya koti. Aliniambia, leo namwambia huyu mtoto, aandike, nipumue. Nikaleta kahawa. Wewe ukaitia mfukoni. Ulipoondoka akasema, yule hakuja kukaa."

Vijana, mimi ni mwanahistoria. Mtu akikuambia kuna hati, unasema nini? Unasema: naomba niione. Mimi sikuomba. Nilisema poleni sana kwa msiba, nikaingia ndani ya gari. Miezi ile jina langu lilikuwa mbele ya kamati ya kupandisha vyeo, nikanyamaza. Cheo kikaja, nikanyamaza bado. Nilifundisha kitabu kile mwaka baada ya mwaka, na kila nilipofika sura ile nilijiona nasoma matangazo ya ndoa. Niliona aibu. Mke wangu aliniuliza mara moja mbona kitabu changu mwenyewe sikipendi. Nikamwambia macho yanauma. Amekufa hajui, na hilo linanichoma kuliko yote.

Basi, mwezi uliopita ikaja simu. Alikuwa Deus, kijana mchangamfu, katibu wa kamati ya jubilei ya parokia ileile.

"Shikamoo Profesa! Marumaru imefika!"

Walikuwa wamechonga sentensi yangu juu ya jiwe la marumaru, na jina langu chini yake, waliweke kwenye ukuta wa kanisa. Mimi nilitakiwa nikakate utepe. Nilifurahi, sitaficha. Mtu aliyekaa peke yake muda mrefu akiitwa kukata utepe, anapiga pasi suti siku hiyohiyo. Suti ilikuwa bado inaning'inia mlangoni nilipoanza kuliona lile jiwe akilini, katika kanisa lilelile ambamo Kaijage aliketi akingoja. Wajukuu zake wakija kutoka Kimwani siku ya jubilei wangelisoma.

Nilikwenda mjini kwa Mzee Twaha. Siku hizi chumba chake kina mashine za kurudufu, na wajukuu ndio wanaoziendesha. Yeye anakaa mlangoni kukosoa. Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tufahamiane.

"Nilikuambia," akasema nilipomaliza.

"Uliniambia."

"Sasa mimi Mwislamu nikushauri nini juu ya kanisa lenu? Nijuavyo, mkienda kuungama hampeleki kitabu, mnapeleka mdomo. Piga simu hapa hapa mbele yangu. Ukifika Kagondo utaghairi, nakujua."

Nikampigia Deus.

"Profesa, jiwe limeshachongwa!"

"Deus, sentensi ile si kweli. Waraka haukusomwa."

"Lakini iko kwenye kitabu!"

"Kitabu ni changu, na nakuambia nilikosea. Nilipojua nimekosea, nikaficha."

Kisha akasema, kwa sauti iliyopoa kabisa, "Una ushahidi?"

Lo! Maisha yangu yote nimewafundisha vijana kuuliza hivyo, na aliyeuliza kwa wakati wake ni huyu ambaye sikuwahi kumfundisha. Nikamwambia ushahidi uko kwa Justina, kama atakubali kunipa. Mzee Twaha akanishika bega, akaniambia niende asubuhi, na nisivae ile saa.

Nilifika Muleba jua likiwa limeanza kupanda. Kaburi la Ta Rweyemamu liko pembeni ya nyumba, limewekwa vigae, na migomba inaliinamia. Ma Justina amezeeka kama nilivyozeeka mimi. Alinitazama kwa muda, akanikaribisha, akauliza habari za Kagondo, za watoto, za mvua. Nilijibu moja moja mpaka zikaisha. Akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo. Akakiweka katikati yetu, akakaa, akaitazama mikono yangu.

Nikachukua punje, nikaitia mdomoni. Sasa, meno yangu ya upande huu ni ya bandia, na ya upande wa pili yalishaniaga. Kahawa iliyokauka ni changarawe kwa mtu kama mimi. Nikaimumunya, nikaihamisha huku na huku. Ma Justina alimaliza yake, akachukua nyingine, akaimaliza nayo. Hakuniharakisha. Kwangu ukimya nimeuzoea, lakini ule tulikuwa wawili ndani yake, na nilitamani usiishe.

Ilipolainika nikaisaga kwa ufizi, nikameza. Ndipo nikasema, kwa Kihaya: "Nimekuja kuomba niione ile karatasi. Nilipaswa kuomba siku ile ya mazishi. Niliogopa."

"Najua," akasema. "Nilikutazama ulivyokimbilia gari."

Akaileta, imekunjwa mara nne ndani ya kitabu cha sala. Kwa mazoea nikaigeuza nyuma kwanza. Nyuma kulikuwa na mwandiko uleule, majina ya jozi tatu za wachumba na wazazi wao. Matangazo ya ndoa. Nikaigeuza mbele: maneno ya waraka kwa Kihaya, mistari imenyooka, jasho la mtu na haki yake. Karatasi zilikuwa adimu, akatumia pande zote mbili. Alisimama mbele ya watu ameshika yote mawili mkononi, na alichofanya ni kugeuza tu.

"Soma," Ma Justina akasema.

"Nimeshasoma."

"Kwa sauti. Bado haijasomwa."

Nikasimama. Mimi niliyesoma nyaraka za Mapapa kwa lugha nne, nilikwama mara tatu kwenye Kihaya cha mama yangu. Katikati nikalia kidogo, nikaendelea. Ma Justina alisikiliza akiwa ameweka mikono magotini, kama yuko kanisani. Kuku walipita. Hakuna aliyeinua kichwa. Nilipomaliza akasema, "Ee. Ndiyo hiyo," akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nikaipiga picha karatasi pande zote mbili, nikamtumia Deus. Baada ya muda simu ikaita.

"Tutaligeuza jiwe, Profesa," akasema. "Upande wa nyuma haujaandikwa kitu. Sasa tuchonge nini?"

Nikamuuliza Ma Justina.

"Jina la Kaijage," akasema. "Na kwamba alingoja."

"Na la baba yako?"

Akalitazama kaburi. "La baba liko pale. Linatosha." Kisha akaikunja karatasi, akanirudishia. "Hii ipeleke Kimwani. Watoto wake wapo. Wasomee na wao."

Nikasema nitaipeleka. Langu jina hakuna aliyeliulizia.

Gari la Bukoba likapiga honi barabarani. Ma Justina akaanza kukifunika kikapu. "Profesa, gari lako hilo, litakuacha."

"Liende," nikamwambia, nikanyoosha mkono kuchukua punje nyingine.